Siku Beseni la Ndege Liliponiangukia

Nyumba Na. 14, Mtaa wa Arundel,
Benalla, Victoria.
23 Machi

Mpendwa Dada Lorna,

Salamu nyingi kutoka huku bara. Hujambo wewe, na wa nyumbani kwako hawajambo? Goti la shemeji Ross limekubali kupanda ngazi, au bado analala kwenye kochi la sebuleni? Na kile kikohozi chako, usiniambie umekizoea. Nenda kwa daktari. Nasikia Launceston baridi imeshaanza kupiga asubuhi. Huku kwetu majira yamegoma. Tuko Machi na nyasi bado zinavunjika chini ya kiatu.

Mimi sijambo. Nakuandikia nikiwa nimeuweka mguu juu ya kiti, chai iko pembeni, na akili zangu zote ninazo, hata kama kuna watu katika barua hii ambao wangekuambia vingine.

Najua Kirrily alikupigia mwezi wa kwanza akakuambia, “Mama ameanguka bustanini.” Ndivyo alivyowaambia watu wote. Mimi sikuanguka, Dada. Kilichoanguka ni beseni la ndege, nami nilikuwa chini yake. Nimeona nikuandikie mwenyewe, kwa sababu kwenye simu husikii vizuri, na mengine niliyo nayo si ya kupigia kelele huku mtu yuko chumba cha pili.

Hali ya shemeji yako Murray tangu kiharusi unaijua. Au niseme, unaijua kwa picha za Krismasi, ambazo nimemvalisha shati la kupasi na kumgeuza upande mzuri wa uso. Mambo ya kila siku hujayaona. Mkono na mguu wa kulia vimelala. Na katika maneno yote aliyokuwa nayo, Murray yule aliyeweza kumuuzia trekta mtu aliyekuja kuulizia njia, limebaki neno moja tu: “Bado.” Umeshiba, Murray? Bado. Unataka kulala? Bado. Leo ni Jumatatu? Bado. Anayo “bado” ya hasira, anayo ya kuomba, na kuna moja ya chini chini anayoitoa nikimfunika blanketi. Nimeamua kwamba hiyo ndiyo asante.

Siwezi kumwacha peke yake zaidi ya muda wa kuanika nguo. Nikioga naacha mlango wazi. Nikienda posta narudi mbio kama mwizi. Rafiki zetu walipungua kidogo kidogo, si kwa ubaya, ila nani anajua aongee nini na mtu mwenye neno moja? Miaka miwili sasa. Dunia yangu ikawa dirisha lililo juu ya sinki ya jikoni, na mbele ya dirisha hilo ndipo lilipokuwa beseni.

Kirrily alilinunua ule mwaka wa kwanza ili baba yake apate kitu cha kutazama. La zege, bakuli pana limekalia nguzo nene, zito kama dhambi. Tuliliweka kati ya mlimau na kile kichaka cha maua mekundu. Murray alilitazama siku mbili, kisha akarudi kwenye kriketi yake ya televisheni. Aliyelitazama ni mimi.

Asubuhi walikuja magpai wawili, ndege weusi wenye mabaka meupe, wakitembea kifua mbele kama wenye nyumba. Kisha rozela, kasuku wadogo wenye vichwa vyekundu na mashavu meupe, ambao hawanywi bila kuoga, na hawaogi bila kumwaga nusu ya maji. Jua likikaza walishuka gala, wale wa pinki na kijivu, wakisukumana kama watoto wanaogombea bembea. Wale wadogo wa buluu, dume na majike yake ya kahawia, walingoja ndani ya kichaka mpaka wababe wote waondoke. Mimi nilikuwa nimesimama, mikono ndani ya maji ya vyombo. Wanakuja, wanakunywa, wanaondoka. Huko kuondoka kwao ndiko nilikokutazama zaidi, sitakuficha.

Maji hayo yalikuwa yameshaniletea ugomvi na jirani. Unamkumbuka Lefteri, yule Mgiriki ambaye mtaa mzima unamwita Teri, aliyekupa chupa ya mafuta ya zeituni ulipokuja? Basi, kasuku weupe wenye kishungi cha manjano waligundua beseni langu, na wakishashiba maji wanavuka uzio kwenda kutafuna ukingo wa baraza yake. Siku moja kabla ya Krismasi alinisimamia pale uzioni na kipande cha mbao kilichogugunwa.

“Glenys, wewe umewafungulia hoteli hawa!”

“Ni maji tu, Teri. Kuna joto.”

“Leo maji. Kesho wanakula nyumba yangu, keshokutwa wananila mimi!”

Nikamjibu kwamba kwa nyama yake ilivyokomaa, kasuku watakuwa wamejitakia wenyewe. Hakucheka. Tangu siku hiyo hatukusalimiana, hata tukikutana tunatoa mapipa ya taka.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa katikati ya Januari, wiki ile ya joto ambayo hata redio iliacha kutania kuhusu hali ya hewa. Nilimpa Murray kifungua kinywa, nikamweka mbele ya kriketi, sauti juu kama anavyopenda, nikatoka kusafisha beseni kabla jua halijawa la kuua. Lilikuwa limeota ukoga wa kijani. Simu niliiacha juu ya jokofu ikichaji. Nikafungua mpira wa maji kidogo, nikauweka chini, nikashika ukingo wa bakuli nilimimine.

Nilikuwa nimemimina hapo maji ya kila siku kwa miaka miwili, na ardhi chini ya nguzo ilikuwa imelainika bila mimi kujua. Nguzo ikainama kuja kwangu. Nilirudi nyuma, kisigino kikakwama kwenye tofali la ukingo wa bustani, nikakaa chini kwa kishindo, na bakuli likaja lote juu ya mguu wangu wa kushoto. Nilisikia kifundo kikilia. Si maumivu kwanza, ni mlio, kama kuni kavu.

Nilijaribu kuliinua, halikusogea. Nilijaribu kuvuta mguu, nikaona nyota. Nikaita. “Murray! Murray!” Kutoka ndani nikasikia watu wanashangilia mtu aliyepiga mpira ukatoka nje ya uwanja. Kwa Teri madirisha yote yalikuwa yamefungwa, na ile mashine yake ya kupoza hewa inanguruma kama lori. Niliita mpaka sauti ikawa ya kunguru.

Nitakuambia kitu ambacho sijamwambia Kirrily, wala daktari, wala yule binti mpole wa hospitali aliyekuja na maswali ya kuhusu moyo wangu. Baada ya kuita nikachoka, nikalala chali, nikatazama majani ya mlimau. Na nikahisi nafuu. Mguu umevunjika, jua linakuja, na mimi nimelala pale nafikiri: sasa hakuna anayeweza kuniomba kitu. Hakuna wa kunyanyuliwa, wa kufutwa, wa kulishwa. Nimebanwa kweli kweli, si mimi niliyetaka, hakuna atakayenilaumu. Nilipumua kama mtu aliyevua viatu vya kubana. Unaweza kufikiria mwanamke wa kufikia hapo?

Kisha ndege wakaja.

Mpira ulikuwa unatiririsha maji kidogo, yakakusanyika kwenye kishimo karibu na bega langu. Mwanzoni walikaa juu, midomo wazi, mabawa wameyaachia mbali na mwili kwa joto. Walinitazama. Nadhani waliamua kwamba mimi ni kitu cha bustani. Njiwa mmoja wa kishungi akashuka, akanywa bila kuinua kichwa kama wanavyofanya njiwa. Halafu rozela. Dada, nimewatazama miaka miwili kupitia kioo na sikujua kwamba mabawa yao yanatoa sauti kama mtu anayepepeta karatasi. Sikujua kwamba wanaongea peke yao wakioga, wananung'unika kama wazee bafuni. Wakanirushia maji usoni. Nilifungua mdomo nikayapokea.

Wale wadogo wa buluu walitokea chini ya kichaka. Dume akaruka ruka hadi kwenye mkono wa blauzi yangu uliokuwa umelowa, akasimama hapo, mwepesi hata sikumhisi, mkia juu. Alinitazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili. Nilizuia pumzi. Yule akiamua kuondoka anaondoka, nikajiambia, na nikaanza kulia, na kulia kwangu ndiko kulikomfukuza.

Baada yao akaja kunguru. Huyo hakuja kwa maji. Alitua juu ya waya wa nguo, akashuka hatua kwa hatua, akaja hadi karibu na goti langu, akaniangalia machoni kwa namna ambayo sikuipenda. Unakumbuka Baba alivyotuambia wanachofanya kwa wanakondoo wanaoanguka malishoni: huanza na macho. Nikashika donge la udongo.

“Bado sijafa, mshenzi wewe!” nikamrushia.

Aliruka nyuma kidogo tu. Akangoja. Hapo ile nafuu yote ilinitoka. Jua lilikuwa limefika miguuni na linapanda, kiatu kimenibana kwa uvimbe, na nikajua kwamba mtu anaweza kufa hivi, nyuma ya nyumba yake mwenyewe, mtaa mzima ukiwa nyumbani. Niliuchovya mkono wa blauzi kwenye kile kishimo, nikaunyonya, nikaanza kuita tena.

Mpaka kriketi ilipofika kwenye mapumziko ya chai. Hapo ndipo Murray huwa anataka chai yake, na hapo ndipo nilipouona uso wake kwenye dirisha la jikoni.

Tulitazamana. Mdomo wake ulifunguka. Alipiga kioo kwa kiganja cha kushoto, akapiga tena. Nikamwonyesha mguu. Nikamwonyesha upande wa kwa Teri. Kisha uso ukaondoka dirishani, na haukurudi. Nilingoja. Nikasikia kabati likifunguliwa na kufungwa, nikaamini kwamba amesahau, kwamba anatafuta biskuti. Nilimtukana, Dada. Nilimwita majina ambayo Mama angetuosha mdomo kwa sabuni. Nilimwambia kwamba miaka miwili yangu yote ameila, sasa na mguu anaula.

Mlango wa wavu wa nyuma ukasukumwa kwa kiti cha magurudumu. Pale pana ngazi, hawezi kushuka. Alisimamisha kiti ukingoni kabisa, mapajani kwake kuna rundo la kitu cheupe. Akanyanyua mkono wa kushoto, ule ambao hajawahi kuutumia hata kurusha jiwe, akarusha.

Kikombe kikapasuka katikati ya majani. Cha pili kikagonga uzio. Cha tatu kikapita juu ya uzio, kikatua kwenye paa la bati la banda la Teri, kwaa!

Sasa ishike roho yako. Vilikuwa vyombo vya Mama. Vile vya maua ya buluu, ulivyoniomba kila mara tangu mazishi nami nikakunyima kwa kusema nina nafasi ya kuvionyesha. Vilikuwa kwenye kabati la chini, ndilo pekee analolifikia. Alimaliza vikombe, akaingia kwenye visahani. Visahani vinaruka vizuri zaidi. “Bado!” anapaza sauti, kwaa! “Bado!” kwaa! Kasuku wote walitimuka mitini wakipiga mayowe, mbwa wa mtaa wakaanza, na mimi nipo chini ya beseni nacheka na kulia, nikisema, endelea, mume wangu, na bakuli la supu pia.

Mashine ya kupoza hewa ilizimwa. Mlango ukabamizwa.

“Glenys!” Teri akaunguruma kutoka upande wake. “Nani anatupa vyombo? Sasa umewafundisha kasuku kurusha sahani?”

“Bado!” akajibu Murray.

“Bado nini? Bado hamjamaliza kunivunjia paa?”

“BADO!”

Kichwa cha Teri kikachomoza juu ya uzio, kimelowa jasho, kidole kimeshanyanyuliwa tayari kwa hotuba. Akaona vigae vya vyombo. Akamwona Murray, machozi yanamtiririka. Halafu akaniona mimi. Kidole kikashuka.

“Panagia mu,” akasema. Hilo ni la kumwita Mama wa Mungu, hulisema pia timu yake ikifungwa.

Alivuka ule uzio, mzee wa miaka yake, kwa namna ambayo ilimgharimu suruali. Nikamwambia asiinue beseni na ule mgongo wake mbovu. “Nyamaza wewe,” akasema, “wiki zote hizi umeninunia na leo ndiyo unataka kuongea?” Alileta mtaimbo kutoka bandani kwake, akautia chini ya bakuli, akakandamiza hadi mishipa ikamsimama shingoni, nami nikavuta mguu. Alinipigia ambulensi. Akaniletea mwavuli mkubwa wa ufukweni, akaketi chini akaushikilia juu yangu mpaka wakafika, na muda wote huo Murray alikuwa juu ya ngazi anasema “bado, bado” kwa ile sauti ya chini ya wakati wa blanketi.

Kifundo kilivunjika mahali pawili. Waliniwekea skrubu. Kilichosalia cha Mama ni kijagi cha maziwa na kisahani kimoja chenye ufa. Kijagi ni chako, nimeshakifunga ndani ya taulo. Nisamehe, lakini nikuambie ukweli, hakuna siku vyombo vile vilifanya kazi nzuri kuliko siku ile.

Murray alipelekwa makao ya wazee, kwa muda, mpaka niweze kusimama. Nami nikarudishwa hapa na magongo mawili. Kirrily alikaa nami wiki ya kwanza, kisha akarudi Melbourne kazini. Nikabaki peke yangu. Ndani ya nyumba hii, peke yangu, kwa mara ya kwanza.

Sikuweza kwenda mbali zaidi ya kiti cha dirishani, na bado, Dada, nilikuwa mtu huru. Nililala hadi jua likaingia kitandani. Nilikula mkate na jibini chakula cha jioni, nikiwa nimesimama, nikaacha makombo. Nilizima televisheni wiki nzima. Teri alikuja kila asubuhi kumwaga maji mapya. Hakulisimamisha beseni tena. Alilaza bakuli chini kabisa, juu ya matofali, akalisukumasukuma kuhakikisha halichezi. Nikamuuliza kupitia dirisha, je, na kasuku?

“Siwawekei kasuku,” akasema bila kunitazama. “Nawawekea wale wadogo. Wale wa buluu. Wale hawajanikosea.”

Na kila nilipofurahia hivyo, nilimwona Murray kwenye chumba chenye kitanda cha chuma, hana hata mtu wa kuielewa ile “bado” yake ya kiu. Sikuwa na raha niliyoimaliza yote.

Mapema mwezi huu tuliitwa kikao kule makaoni. Mimi, Kirrily, Murray, na msimamizi wao, mama mmoja taratibu anaitwa Colleen. Kirrily alikuwa ameshaongea nao. Chumba kilikuwa kimepatikana, cha kudumu, chenye dirisha la kutazama bustani.

“Mama, umechoka,” Kirrily akaniambia. “Kila mtu anaona isipokuwa wewe.”

“Mimi naona, mwanangu. Mimi ndiye ninayechoka.”

“Sasa sema basi. Mara moja tu, sema.”

Nikasema. Mbele yake. Nilisema, siwezi tena. Siwezi kama nilivyokuwa. Sauti ilitoka ndogo kuliko nilivyotaka. Murray alikuwa anaangalia mikono yake.

Colleen akainama, akamuuliza polepole, “Murray, ungependa kukaa hapa nasi?”

“Bado.”

“Ungependa kurudi nyumbani?”

“Bado,” akasema, na uso ukamwiva, akapiga mkono wa kiti. “Bado! Bado!” Kirrily akaanza kulia. Mimi nikaona siwezi kukaa mle dakika nyingine, nikasogea nisimame, nikapapasa pembeni kutafuta magongo yangu.

Hayakuwepo. Murray alikuwa ameyachukua. Ameyalaza mapajani mwake yote mawili, ameyashika kwa ule mkono mzima, na ananitazama. Nikavuta moja. Hakuachia. Nikavuta tena, akavuta kwake, na nguvu anazo, sikujua anazo nyingi hivyo. Colleen alifikiri tunacheza. Kirrily alicheka ndani ya kilio. Hata mimi nilicheka kidogo, mpaka nilipotambua kwamba kweli siwezi kutoka katika chumba kile asipotaka. Na nikaona machoni mwake kwamba naye anajua; kwamba hivi ndivyo alivyo yeye kila siku, anangoja mtu mwingine aamue kama atatoka. Tulishikilia gongo lile kila mtu upande wake.

Mwishowe mimi ndiye niliyeachia. Nikamwambia, “Haya. Twende nyumbani. Lakini si kama mwanzo.”

Nilifurahi, usifikiri sikufurahi. Alipovuka kizingiti alivuta hewa ya nyumba yake kama mtu aliyetoka chini ya maji. Na papo hapo ndani yangu nikasikia komeo likirudi mahali pake.

Si kama mwanzo, nililisimamia hilo. Jumanne na Alhamisi gari huja kumchukua, anashinda na wenzake, wanamrudisha jioni. Kirrily anakuja mwisho wa wiki mmoja kwa mwezi, naye amejifunza kumnyanyua. Jumanne ya kwanza gari lilipokata kona nilibaki nimesimama mbele ya nyumba na funguo mkononi. Nilikuwa nimeapa nitaendesha hadi Mansfield, nikale kitu mbele ya milima. Nilifika ziwani hapa hapa mjini, nikaegesha, nikalala usingizi kwenye usukani mpaka mlinzi wa bustani akagonga kioo kuuliza kama niko hai. Ya pili nilifika Euroa. Nilikula pai nzima nikiwa nimeketi. Hakuna aliyeniita. Nilikuwa nashtuka shtuka tu, kama nimesahau mtoto mahali.

Watu wananiambia sasa nimepata nafuu. Nawaitikia. Lakini wewe ni dada yangu, ulinibeba mgongoni, kwa hiyo nakuambia wewe: nampenda mtu huyu, na kuna asubuhi nasimama kwenye sinki na siioni njia ya kutokea, si leo wala mwakani. Sijui nifanye nini na mambo hayo mawili. Yote mawili yananiamsha pamoja.

Sasa jambo ninalokuandikia hasa. Mara zote umenialika nami nimetoa sababu. Safari hii nimekata tiketi ya meli, ya kutoka Geelong, tarehe kumi na mbili Mei. Murray atakaa makaoni siku kumi, ameshaambiwa, na amenijibu unachoweza kukisia. Nitashuka Devonport asubuhi. Shemeji asijisumbue kuja na gari akiwa na goti lile, nitapanda basi.

Usiniandalie chochote. Usiwaalike watu. Nataka chumba chenye mlango, niufunge mwenyewe, niufungue nikitaka. Nitakula ulichopika. Nitaosha vyombo kama utanikumbusha kwamba silazimiki.

Na ninakuomba kitu kimoja, kwa sababu kuna nafasi kwamba nitakuja chumbani kwako siku ya tisa na kukuambia sirudi. Nikikuambia hivyo, usinikubalie haraka. Lakini na kunikatalia, Dada, usinikatalie haraka. Nipe chai kwanza, ukae nami, unisikilize mpaka nimalize.

Msalimie sana Ross, mwambie asibebe kuni. Wasalimie Tamsin na mumewe, na kale kajukuu kako ambako nimekaona pichani tu. Nakabusu mashavu yote mawili. Kirrily anakusalimu. Teri pia anakusalimu, na ameniagiza nikuletee mafuta mengine ya zeituni. Murray nimemwuliza kama nimwandikie salamu zake, amenipa jibu lake, nami nakupelekea kama lilivyo.

Mungu awaangalie hapo mlipo, awape usingizi usiokatizwa na amani ya kuamka bila hofu, na atukutanishe mimi nawe tukiwa wazima.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Glenys